Wajenzi Hawakuwa Watumwa

Vitabu vya baba vinanuka mafuta ya kukaangia. Nililigundua hilo wiki ile tuliyomzika, nilipokuwa nikivitoa kwenye rafu na kuvitia kwenye maboksi, huku wazee waliokuja hitimani wakiendelea kumsifu sebuleni. "Mwanachuoni yule," mmoja wao alisema. "London nzima hii humpati Mswahili aliyeijua Misri kama yeye." Wenzake wakaitikia. Nikafungua kitabu kikubwa chenye picha ya piramidi kwenye jalada, nikakisogeza puani, na pale pale nikawa tena mtoto wa miaka minane, nimekaa juu ya zulia la nyumba yetu ya Stratford, moshi wa sambusa umetanda mpaka kwenye mapazia, baba anasoma kwa sauti, na Riziki yuko jikoni.

Riziki alikuwa binti wa kaka yake baba, kutoka Pemba. Aliletwa kwetu akiwa msichana wa miaka kumi na tano hivi, ili asome. Nakumbuka alivyoingia mlangoni amevaa sweta la baba lililomfika magotini, akatazama ngazi, akatazama taa, akacheka peke yake. Mama alisema shule isubiri kidogo mpaka ajue Kiingereza. Kiingereza nacho kikasubiri mpaka kazi za nyumbani zipungue. Kazi hazikupungua, kwani mama ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupika sambusa na mandazi ya maharusi, na mikono ya Riziki ilikuwa myepesi. Akawa anaamka kabla yetu na kulala baada yetu. Godoro lake lilitandikwa chini ya ngazi, palipokuwa pakiwekwa makoti na mashine ya kufagilia. Alikula jikoni, amesimama, sisi tukishamaliza. Mimi nilidhani anapenda kula hivyo. Mtoto huamini kwamba kila alichokikuta nyumbani kwao ndivyo dunia ilivyo.

Baba alikuwa mwalimu wa historia Unguja kabla ya kukimbia. London alikuwa karani wa dirishani katika ofisi moja ya serikali ya mtaa, na mkuu wake, kijana mdogo, alimsemesha polepole na kwa sauti ya juu kama anayemsemesha kiziwi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokijua wakati ule ni kwamba alirudi jioni uso umekazana, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake, akafungua vitabu vyake vya Misri, na uso ukafunguka. Aliingia ndani ya piramidi zile kama mtu anayeingia nyumbani kwao.

Mama hakuzipenda habari zile. "Mtu kalaaniwa ndani ya Qur'ani," alimwambia, "wewe unamtukuza sebuleni kwangu."

"Simtukuzi Firauni," baba alimjibu. "Nawatukuza waliojenga."

Kisha alinigeukia mimi, kwa sababu darasa lake halikuwa na mwanafunzi mwingine. Aliniambia kwamba watu wale walikuwa Waafrika, hawana chuma, hawana winchi, wana patasi za shaba, kamba na mabega yao, na wakalipandisha jiwe juu ya jiwe mpaka wakasimamisha kitu ambacho kwa maelfu ya miaka hakuna jengo duniani lililokipita kwa urefu. Aliniambia kwamba pande zake zimeelekea kaskazini na kusini sawasawa, kwani waliipima nchi kwa nyota. Umbo lile, alisema, ni miale ya jua inayoteremka; mfalme aliipanda akifa, na watu waliamini kwamba akifika salama huko juu, mto utajaa, shamba litazaa na watoto watashiba. Kila kijiji kilitoa wana wake, nafaka yake, ng'ombe wake. "Kabla ya piramidi walikuwa vijiji," alisema. "Baada yake wakawa nchi." Na kila mara alimalizia kwa neno lile lile, kidole kimeinuliwa: "Na wajenzi hawakuwa watumwa. Wazungu wametudanganya muda mrefu. Hawakuwa watumwa."

Siku zile magazeti yalikuwa yameanza kueleza kwamba huko jangwani yamefukuliwa makaburi ya wajenzi wenyewe, karibu kabisa na piramidi. Baba alizikata habari zile akazibandika ukutani. Jioni moja alitusomea jinsi mifupa yao ilivyokutwa: mikono iliyovunjika ikaungwa vizuri, miguu iliyoteguka ikapona, dalili kwamba walikuwa na waganga. Walikula mkate na nyama. Na walipokufa walizikwa kando ya mfalme wao. "Mtumwa gani huzikwa kando ya mfalme?" baba aliuliza, macho yanamng'aa.

Riziki alikuwa ameleta chai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezongwa kitambaa. Mafuta yalimrukia juzi yake, mama akampaka dawa ya meno na kumwambia atumie mkono wa kushoto. Aliliweka sinia mezani polepole. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya baba, lakini nadhani zile habari za mifupa iliyoungwa zilimfungua mdomo.

"Ami," alisema, "na wao, walikuwa wakirudi kwao?"

Baba alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Alikuwa na jibu, kwani baadaye alinieleza mimi kwamba wengi walifanya kazi kwa zamu kisha wakarejea vijijini. Riziki hakumpa jibu hilo.

"Wewe umekuja kuuliza, au umekuja kuleta chai?"

"Kuleta chai, ami."

"Basi umeshaleta."

Akarudi jikoni. Mama akasema mkono ule umekwisha kupona, ni uvivu tu umebaki. Mimi nikabaki juu ya zulia naunganisha mambo kwa akili yangu ya utoto, nikafikia uamuzi ulionifurahisha sana. Wajenzi hawakuwa watumwa; walipewa mkate, wakalazwa karibu na mfalme kwa heshima. Riziki hufanya kazi, hupewa mkate, hulazwa chini ya ngazi, na juu ya ngazi zile ndiko chumba cha baba. Basi Riziki naye ameheshimiwa. Nilimwonea kijicho kidogo.

Muhula ule, kwa bahati, darasani kwetu tulikuwa tunasoma habari za Misri. Mwalimu wetu, ambaye sisi tulimwita Miss tu, alikuwa mwanamke mpole mwenye nywele fupi za mvi. Mtoto mmoja alisema piramidi zilijengwa na watumwa, maana aliona hivyo kwenye televisheni. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nilisimama na kusema kwa Kiingereza changu cha mtaani, kwa fahari yote ya baba yangu, kwamba si kweli, wajenzi hawakuwa watumwa. Walikuwa kama Riziki wetu. Riziki hufanya kazi kutwa na hatoki, lakini tunampa chakula tukishamaliza kula, na hulala chini ya ngazi karibu na baba, na mkono wake ulipoungua mama alimtia dawa.

Miss alinisogelea. Kisha akaniuliza Riziki ana umri gani. Nikamwambia. Akaniuliza anasoma shule ipi. Nikamwambia hasomi, anasubiri. Akaniambia nikae, na akaendelea na somo, lakini chaki ilimvunjikia mkononi.

Siku chache baadaye, shule zilipokaribia kufungwa kwa baridi ile, alikuja nyumbani. Alimwambia baba kwenye simu kwamba amesikia ana ujuzi mkubwa wa Misri, angependa kuzungumza naye. Baba alitoka kazini mapema, akavaa suti. Mama alikuwa amekwenda Harrow kupeleka sambusa za arusi. Riziki alipewa gauni la mama, akaambiwa alete chai na kisha akae pale kwenye kochi kama mtu wa nyumbani, asiseme neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa kwenye kochi letu. Alikaa ukingoni, kama anaogopa kulichafua.

Baba alizungumza. Sijapata kumwona ametukuka kama siku ile. Alimweleza yule mama wa Kizungu habari za mawe ya chokaa yaliyovushwa mtoni, za patasi za shaba na kamba za mitende, za makaburi ya wajenzi; na Miss akawa anaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda kwa Riziki na kurudi. Majira ya baridi jua la London huzama mapema. Maghrib ikaingia, baba akaomba radhi, akapanda juu kusali.

Miss akasogea haraka. Akaniambia nimsaidie kutafsiri. Niseme hapa jinsi Kiswahili changu kilivyokuwa wakati ule. Nilikisikia, ila nilijibu kwa Kiingereza, na nilichokisikia kilikuwa Kiswahili cha amri: lete, ondoa, njoo ule, acha kelele. Riziki kwa upande wake alikuwa na Kiingereza cha maneno mawili matatu, ndiyo, hapana na ahsante. Kati yao hao wawili daraja lilikuwa mimi.

"Muulize kama ana furaha hapa," Miss aliniambia. "Muulize kama kuna kitu chochote anataka kuniambia."

Nikamuuliza kwa namna yangu. Riziki akatazama dari. Tulisikia mbao zikilia, baba anarukuu. Akanishika kiwiko akaniinamia, na maneno yakamtoka kwa sauti ya chini na ya haraka, ya Kipemba chao.

"Mdogo wangu, mwambie nimekiona cha mtema kuni ndani ya nyumba hii. Mwambie maji yamenifika shingoni. Usimfiche. Mwambie kama nilivyosema."

Nilitaka kumwambia kama alivyosema. Nilijikaza sana. Kuni nilizijua, niliziona kwenye kitabu cha hadithi. Nikamwambia Miss kwamba Riziki anasema ameona kitu cha mtu anayekata kuni, ndani ya nyumba hii. Na kuna maji, yamemfika hapa. Nikajiwekea mkono shingoni.

Miss alikunja uso. Aliuliza, mtema kuni gani? Nikamwambia sijui, sisi tunatumia gesi. Aliuliza, maji ya bafuni? Nikasema labda. Riziki alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa. Kile kipaji cha uso kilichokunjwa yeye alikichukua kuwa ni huruma, na macho yake yakaanza kujaa machozi. Kisha Miss akapumua, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyepata njia. "Ni hadithi ya kwenu?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, nadhani. Na Riziki, aliposikia lile neno moja analolijua, akalidaka kwa nguvu zake zote. "Yes," alisema, anaitikia kwa kichwa. "Yes, yes. Thank you."

Baba alishuka anajifuta maji ya udhu masikioni. Miss akamwambia kwamba Riziki alikuwa anawasimulia kisa cha mtema kuni, na kwamba ni msichana mwenye hisia. Baba alinigeukia, uso wake mtamu kabisa.

"Kasema nini hasa, mwanangu?"

Nilipenda aliponitaka nikariri. Nikakariri, neno kwa neno, kwa Kiswahili safi kuliko nilichowahi kukisema: nimekiona cha mtema kuni ndani ya nyumba hii, maji yamenifika shingoni. Mkono wa Riziki ukaniachia kiwiko.

Baba akacheka. Akamwambia Miss kwamba hizo ni hadithi za bibi yake Riziki, wasichana wa kisiwani huzipenda sana. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamkopesha kitabu. Nilisikia Miss akisema ni heshima kubwa kukutana na mtu kama yeye.

Mlango ulipofungwa hakupaza sauti. Baba hakuwa mtu wa makelele. Alisimama mbele ya kochi, mikono nyuma, kama alivyosimama, nadhani, mbele ya darasa lake Unguja.

"Kumbe umekiona cha mtema kuni," alisema. "Bado. Hujakiona." Akaenda jikoni, akafungua mlango wa nyuma. "Haya. Kakitafute."

"Ami, nisamehe."

"Kakitafute."

Riziki akatoka na lile gauni la mama, miguu mitupu, juu ya saruji iliyoganda. Baba akafunga kwa ufunguo. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaniita nikae karibu naye, akanipa kitabu nimsomee mimi siku ile, kwa sababu koo lake limechoka kwa mazungumzo. Nilisoma. Mlango wa jikoni ulikuwa wa kioo, na pale nilipokaa nilimwona. Mwanzo aligonga. Halafu akaacha kugonga, akatembea kwenda na kurudi. Halafu akaenda kujibanza ukutani, pale bomba la boila, mtambo wa kupashia maji moto, lilipotoa mvuke, akauweka uso wake kwenye ule mvuke na mikono kwapani. Nilipokwama kwenye neno baba alinisahihisha. Nilisoma habari za watu waliokuwa na mkate na waganga. Nilipotaka kuuliza, alisema, "Endelea."

Mama alirudi na sinia zake tupu. Aliuliza, "Yuko wapi Riziki?"

"Nje," baba alisema bila kuinua macho. "Anatafuta kuni."

Mama alitazama kwenye kioo. Akaweka sinia chini. Akavua koti, akalitundika. Akasema, "Kesho kuna arusi ya Tooting. Akishikwa na homa, nani atakaanga?" Akaenda akafungua. Huo ndio uliokuwa upande wa mama siku ile, na kwa miaka mingi niliuhesabu kuwa ni wema.

Riziki alikaanga kesho yake. Alikaanga huku anatetemeka na meno yanagongana. Tangu siku ile hakunisemesha tena. Nilikwenda jikoni nikamvuta nguo, nikamwonyesha mchoro wangu wa piramidi. Akanisogeza pembeni kwa kiwiko, taratibu, kama unavyosogeza paka aliyekaa njiani. Kabla shule hazijafunguliwa, baba akampakia kwenye gari la rafiki yake, na mfuko mmoja. Nilipouliza, niliambiwa kaenda kusoma. Nilifurahi. Miss aliponiuliza baada ya likizo Riziki hajambo, nilimwambia kaenda kusoma, naye akafurahi, akashika mashavu yangu kwa mikono miwili. Akaibandika nyota ya dhahabu juu ya piramidi yangu.

Hakwenda kusoma. Alipelekwa kwa jamaa wa mbali katika mji mwingine, wakamweka miaka. Mtu mmoja wa huko, hata sijui nani, ndiye aliyemsaidia mwishowe kurudi kwao. Habari hizi nilizipata vipande vipande kutoka kwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliyekuja London nilipokuwa nimekwisha kuwa mkubwa, akafanya kazi ya kuwatunza wazee. Na ni yeye, bila kujua, aliyenifungua masikio. Tulikuwa jikoni kwake, amevua viatu anajikanda miguu baada ya zamu mbili. "Mwanangu," aliniambia, "mwezi huu nimekiona cha mtema kuni."

Nikamuuliza mtema kuni ni nani. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Mtoto wa London wee! Mtema kuni si mtu. Maana yake nimeteseka. Nimeteseka kupita kiasi."

Nikamuuliza tena, na maji kufika shingoni? Akanieleza na hilo.

Baba nilimwendea siku ile ile. Alikuwa amestaafu, anaalikwa kwenye kumbi kuwaeleza vijana wetu ukuu wa Afrika, na vijana walimpenda. Nilimwona mara moja msichana akilia kwa fahari alipokuwa akisema. Nilimwambia nimefahamu Riziki alisema nini. Alinitazama akitafuta ni Riziki yupi.

"Yule? Yule tulimleta Ulaya," alisema. "Wangapi kule wanaota kuletwa Ulaya?"

"Baba, ulimfanya mtumwa."

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. Si kwa sababu ya Riziki. Kwa sababu ya neno. "Hakuwa mtumwa!" alisema, na kidole kikainuka. "Mtumwa ni mtu baki. Yule alikuwa mtoto wa kaka yangu. Damu yangu. Jifunze kutumia maneno." Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Hatukulirudia. Tuliishi naye vizuri, tulimuuguza, akafa kitandani kwake, akazikwa na umati wa watu.

Baada ya arobaini shangazi alisafiri kwenda Pemba. Nilimwomba ampelekee Riziki habari ya msiba, na salamu zangu, na nambari yangu ya simu. Aliporudi nilikwenda kumpokea, nikamsubiri mpaka akafungua mizigo.

"Nilimwona," alisema. "Ana duka la vitambaa Wete, na watoto wazuri. Nilimkuta anamsuka binti yake. Nikamwambia ami yako kafariki. Akasema inna lillahi, kama anavyosema mtu akisikia kafa mtu wa mtaa wa pili, akaendelea kusuka."

"Na mimi?"

"Nikamwambia, mdogo wako anakusalimia, anataka mzungumze kwa simu. Akacheka. Akaniuliza, 'Tutazungumza lugha gani?'" Shangazi alikunja kanga yake, akaiweka juu ya nyingine. "Sikumfahamu anakusudia nini. Nikamwambia, lugha gani tena, Kiswahili! Mtoto siku hizi anakijua vizuri, amekisomea hasa. Akasema, 'Alhamdulillahi. Basi na akitumie kwa wengine.'"